Picha ya Mikono Mingi

Shule inapomwalika msanii akae nayo muhula mzima na kuchora picha moja pamoja na wanafunzi, swali la watazamaji halikawii: hii picha ni ya nani? Wengi hutafuta jibu kwa kuchungua mikono, wakikagua mstari upi ni wa mtoto na upi ni wa mtu mzima. Lakini ukifuatilia kazi hii ilivyokua, kutoka Vienna hadi New York na Uskoti, utaona kwamba mkono ni shahidi dhaifu. Kinachoamua picha ni ya nani ni madaraka: nani alichagua mada, nani aliweza kukataa, na nani alishika fedha.

Franz Cizek alianzisha darasa lake la sanaa ya watoto mjini Vienna mwaka 1897, akishikilia kwamba mtoto ana sanaa yake, na kwamba mtu mzima akiiingilia huiharibu. Zama ambazo kuchora shuleni kulimaanisha kunakili kwa utii, fundisho hilo lilikuwa ukombozi. Hata hivyo, kazi za wanafunzi wake zilipozungushwa Uingereza katika miaka ya 1920, wapo waliotambua kwamba zilifanana mno kuwa za watoto walioachwa huru kabisa. Haishangazi. Anayechagua vifaa, anayesifu hiki na kunyamazia kile, huacha alama yake bila kugusa karatasi. Kwa hiyo pingamizi kwamba msanii asichore kabisa na watoto, ili sanaa yao ibaki safi, halina nguvu linayojidai kuwa nayo: usafi huo haukupatikana hata pale ulipohubiriwa.

Tim Rollins alikwenda njia nyingine. Mwaka 1981 alianza kufundisha katika shule ya kati namba 52, South Bronx, mtaa wa New York uliokuwa umeteketea kwa moto na umaskini. Wanafunzi wake, wengi wakiwa wamehesabiwa kuwa wazito wa kusoma, walisomewa vitabu huku wakichora. Kisha kurasa zenyewe zikabandikwa kwenye turubai na kuchorwa juu yake. Katika mfululizo uitwao Amerika, uliotokana na riwaya ya Franz Kafka, kila mmoja alibuni tarumbeta yake ya dhahabu, na zote zikasukwa kuwa picha moja iliyofunika kurasa za kitabu. Kundi lilijiita K.O.S., yaani watoto wa kunusurika, na kazi zake zikaingia katika makumbusho makubwa. Waliomshutumu Rollins walisema kwamba vitabu alivichagua yeye, na kwamba jina lake lilitangulia la kundi. Yote mawili ni kweli. Lakini yeye hakuficha uongozi wake nyuma ya dai la watoto wasioguswa. Aliuandika kwenye jina la kazi, ambako kila mtu angeweza kuuona na kuuhoji. Tena, Rollins alipofariki mwaka 2017, wanakundi waliendelea kuchora kwa jina la Studio K.O.S. Vibarua wa msanii wasingekuwa na cha kuendeleza.

Hatua ya mbali zaidi ilipigwa katika shule ya msingi ya Caol, karibu na Fort William huko Uskoti, ambako msanii Rob Fairley alianza kufanya kazi na wanafunzi mwaka 1994. Chumba chao kilikuwa namba 13, na Room 13 likawa jina la karakana. Hapo watoto wenyewe waliunda kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, wakatafuta fedha, wakanunua rangi, na kumwajiri msanii. Mfano huo ulienea hadi Soweto. Mtu atauliza: mtoto wa miaka kumi kumwajiri mtu mzima si maigizo tu? Ni kweli kwamba msanii anabaki na ujuzi na mamlaka ya umri. Ila mweka hazina anayeamua fedha inunue rangi au ilipe mshahara anafanya uamuzi wenye matokeo halisi, na msanii asiyehitajika tena anaweza kuambiwa hivyo. Mwanafunzi wa Cizek hakuwahi kuwa na uwezo huo.

Kwa hiyo shule inayopanga mradi wa namna hii isianze kwa kuweka sheria ya nani ashike brashi wapi. Ianze kwa kukubaliana, kabla ya rangi kununuliwa, kuhusu mada itachaguliwaje, mtoto asiyetaka atafanya nini, majina yataandikwaje, na picha ikiuzwa fedha zitakwenda kwa nani. Maswali hayo yakikosa majibu, hata picha isiyo na mstari mmoja wa msanii itabaki kuwa yake.