Kitabu cha Picha ni Jamaa wa Kitendawili

Jioni za watoto wa Rusizi, wilaya ya Rwanda ambayo wengi bado huiita Cyangugu, zilikuwa na michezo miwili ya maneno. Wa kwanza ni hadithi, na hiyo ni mali ya mkubwa: yeye anasimulia, wadogo wanasikiliza. Wa pili ni vitendawili, ibisakuzo. Hapo mwenye kutega husema "Sakwe sakwe!" na wenzake huitikia "Soma!", kama watu wa Unguja na Mombasa wanavyoitikiana kwa "Kitendawili!" na "Tega!". Katika mchezo huu umri si kitu. Mjukuu ana haki ya kumtega bibi yake, na akimshinda watu hucheka na kumsifu.

Kitabu cha picha kimezikuta nyumba za Rusizi zikiwa na mila zote mbili, na karibu kila mahali kimewekwa upande wa hadithi. Mkubwa anasoma maandishi mwanzo hadi mwisho, mtoto anatulia, akiingilia anaambiwa angoje. Naona kimewekwa pasipo pake. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, kitabu cha picha ni jamaa wa kitendawili, na anayekisoma kama hadithi tu anaacha nusu ya faida yake.

Ulaya na Marekani nako walichelewa kuliona hilo. Comenius, mwalimu wa Moravia, alipochapisha *Orbis Pictus* mwaka 1658, aliweka picha za vitu vya duniani, akavitia namba na kuandika majina yake kwa Kilatini na Kijerumani. Picha ilikuwa pale ili kufundisha jina. Baadaye ikazoeleka desturi ya mzazi mmoja, mtoto mmoja na kitabu kimoja wakati wa kulala. Mpango wa Bookstart, ulioanza Birmingham mwaka 1992 kwa familia 300, uliwapelekea wazazi vitabu tangu mtoto akiwa mchanga. Lakini miaka minne kabla yake, Grover Whitehurst na wenzake huko New York walikuwa wamechapisha jambo lenye uzito zaidi. Waliwafundisha wazazi wa watoto wa miezi 21 hadi 35 wasisome tu, bali waulize, wasubiri, kisha walipanue jibu la mtoto. Baada ya mwezi mmoja, watoto hao walikuwa wamewatangulia kwa usemi wenzao waliosomewa kwa kawaida, ingawa wote walikuwa na vitabu. Kilichowatofautisha ni namna ya kutegwa.

Japani ilipita njia nyingine. Katika miaka ya 1930 wasimulizi wa kamishibai walizunguka mitaa ya Tokyo kwa baiskeli, wakiuza peremende na kuonyesha picha ndani ya fremu ya mbao. Maneno yaliandikwa nyuma ya kadi, upande wa msimulizi, kwa hiyo mbele ya watoto palibaki picha tupu. Hapakuwa na mtoto mmoja mapajani. Palikuwa na kundi, kelele na ubishi. Kwa nyumba ya Rusizi yenye watoto watano na kitabu kimoja, kamishibai iko karibu zaidi kuliko kitanda cha Birmingham.

Afrika Mashariki ina vitabu vinavyofaa kutegea. Éditions Bakame, nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa Rwanda mwaka 1995, ilianza kuchapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda wakati nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ilichukua jina la mjanja wa hadithi za Kinyarwanda, yule yule ambaye Waswahili humwita Sungura. Tanzania yupo John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, ambaye wanyama wake huvaa nguo na kufanya kazi kama watu. Katika kitabu chake cha samaki wabichi, sokwe amevua na anapeleka samaki sokoni.

Hebu tukiweke kitabu hicho mbele ya mtoto wa miaka minne pale Kamembe, mjini Rusizi. Sokwe si mgeni kwake: wapo katika msitu wa Cyamudongo, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Samaki anawajua kwa sambaza wa Ziwa Kivu. Mama anaweza kuuliza, "Hii ni nini?" naye akajibu, "Samaki," na mambo yakaishia hapo. Au anaweza kuuliza, "Huyu anaenda wapi?" Mtoto anajibu, "Anaenda Bukavu kuuzisha." "Na jua likimkuta njiani?" "Samaki itaoza, mama. Aikaushe." Kwa maswali mawili mtoto ameingiza ndani ya kitabu mpaka wa Kongo, soko na hesabu ya hasara, mambo aliyoyaona kwa watu wazima wa nyumbani. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye ukurasa.

Undugu huu, hata hivyo, una mwisho wake. Kitendawili kina jibu moja, na aliyetega analijua. Picha haina mwenyewe. Mtoto anaweza kuona mjusi pembeni mwa ukurasa ambaye mkubwa hakumwona, na akawa sahihi. Pia kitendawili kikishateguliwa kimekwisha, ilhali picha hurudiwa mara nyingi na kila mara huzaa swali jingine. Hilo si dogo pale ambapo vitabu ni vichache. Kwa hiyo kutega tunakujua tangu zamani. Kigeni kwetu ni kutega bila kushika jibu mkononi. Mzazi, au mlezi wa irerero, kituo cha watoto wadogo, anayeuliza kisha akasahihisha kila neno amegeuza kitabu kuwa mtihani, na mtoto hujua mapema kuukimbia.

Jambo hili lina uzito wa pekee Rusizi kwa sababu ya lugha. Nyumbani ni Kinyarwanda. Katika soko la Kamembe na ng'ambo ya daraja la mto Rusizi ni Kiswahili. Kisiwani Nkombo watu wana lugha iliyo jamaa na zile za upande wa Kongo. Tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2019, mtoto akiingia darasa la kwanza anakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Maandishi ya kitabu huchagua lugha moja, picha haichagui. Bibi wa Nkombo asiyejua herufi hata moja anaweza kufungua ukurasa ule ule wa mwalimu wa mjini na kumtega mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani.

Kwa sababu hiyo, wanaogawa vitabu vya watoto wasianze kwa kuuliza ni wazazi wangapi wanajua kusoma. Swali hilo litakuwa na haki yake mtoto atakapofika shuleni. Kabla ya hapo la kuuliza ni nani nyumbani anajua kutega, na ni nani yuko tayari kushindwa na mtoto. Wa kwanza Rusizi imejaa. Wa pili ndiye wa kufundishwa, awe amesoma au hajasoma.