Urithi wa Maarifa na Ubingwa wa Kudumu: Historia ya Timu ya Softiboli ya Wanawake ya UCLA

Utangulizi

Historia za timu zilizofanikiwa kwa kawaida huandikwa kwa kuorodhesha vikombe na kusifu vipaji, na mara nyingi orodha hizo hulifunika swali ambalo mwanahistoria alipaswa kuanza nalo: kwa nini timu fulani, na si nyingine iliyoishi chini ya sheria zilezile na katika nchi ileile, iliendelea kushinda hata baada ya kizazi chake cha kwanza cha wachezaji kuondoka? Swali hili lina uzito wa pekee katika michezo ya vyuo vikuu, kwa sababu mchezaji wa chuo kwa kawaida huichezea timu yake kwa misimu minne, kisha huhitimu na kuacha nafasi yake kwa mgeni, kiasi kwamba timu yoyote inayodumu kileleni kwa miongo kadhaa imelazimika kujijenga upya mara nyingi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia timu ya softiboli ya wanawake ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kinachojulikana kwa kifupi kama UCLA. Timu hiyo ilitwaa taji lake la kwanza la kitaifa mwaka 1978, na baadaye ikajikusanyia mataji 12 yanayotambuliwa na NCAA, chama kikuu kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani. Idadi hiyo haijafikiwa na chuo kingine chochote katika mchezo huo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sheria ya usawa iliiwezesha timu kuwapo na mazingira ya kusini mwa California yaliipatia wachezaji, lakini kilichoudumisha ubingwa ni maarifa yaliyorithishwa ndani ya timu yenyewe, kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, kwa muda wa nusu karne.

Mchezo na Chimbuko Lake Nje ya Vyuo

Softiboli ilizaliwa mjini Chicago mwaka 1887 kama namna ya kucheza besiboli ndani ya jengo wakati wa baridi. Kama ilivyo katika besiboli, timu mbili za wachezaji tisa hupokezana zamu: upande mmoja hurusha mpira na kulinda uwanja, na upande mwingine huupiga kwa gongo, kisha mpigaji hukimbia kupitia vituo vinne ili aipatie timu yake pointi. Tofauti zake ni kwamba mpira wa softiboli ni mkubwa zaidi, uwanja ni mdogo, mchezo una duru saba badala ya tisa, na mrushaji hulazimika kuurusha mpira kutoka chini. Katika mtindo uliotawala mchezo wa ushindani, mkono huzungushwa mduara kamili na mpira huachiwa karibu na nyonga, hivyo hupata kasi kubwa kutoka umbali mfupi. Kwa hiyo mrushaji hodari anaweza kuutawala mchezo mzima, na ustadi wake haupatikani kwa kusoma kanuni bali kwa kufundishwa na mtu aliyekwisha kuumudu.

Nchini Marekani, walimu wa namna hiyo hawakuwa vyuoni. Kabla ya miaka ya 1970, wanawake waliocheza softiboli kwa kiwango cha juu walifanya hivyo katika klabu za miji na timu zilizofadhiliwa na viwanda. Klabu ya Orange Lionettes ya mji wa Orange, kusini mwa California, ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa klabu mara tisa kati ya 1950 na 1970, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Raybestos Brakettes wa Stratford, Connecticut, timu iliyoanzishwa mwaka 1947 chini ya kampuni iliyotengeneza breki za magari. Klabu hizo zilikuwa shule za mchezo huo wakati ambapo vyuo vikuu vingi viliichukulia michezo ya wanawake kama burudani ya afya isiyostahili bajeti wala makocha wa kudumu.

Ukweli huu una maana kubwa kwa historia ya UCLA. Sharron Backus, aliyeanza kuiongoza timu hiyo mwaka 1975, alikuwa amezichezea Lionettes na Brakettes, kwa hiyo alipoingia chuoni alikuja na ujuzi uliokwisha kukomaa katika miji na viwanda. Inafaa basi kusahihisha dhana kwamba chuo kikuu ndicho kilichouvumbua ubora wa softiboli ya wanawake, kwa kuwa chuo kilipokea kitu ambacho wanawake wengine walikuwa wamekijenga kwa miongo kadhaa bila ufadhili wake.

Sheria, Taasisi na Taji la Kwanza

Kilichokifanya chuo kiupokee urithi huo ni sheria. Mwezi Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia saini marekebisho ya sheria ya elimu ambayo sura yake ya tisa, maarufu kama Title IX, ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali ya shirikisho. Maandishi ya sura hiyo hayakutaja michezo hata kidogo, lakini kanuni za utekelezaji zilizotolewa mwaka 1975 ziliweka wazi kwamba michezo ni sehemu ya elimu, na vyuo vikapewa hadi mwaka 1978 kutimiza masharti. Mwaka Backus alipoanza kazi ndio mwaka kanuni hizo zilipotolewa, na mwaka timu yake ilipotwaa taji la kwanza ndio mwaka muda wa utekelezaji ulipokwisha. Ulinganifu huo wa tarehe hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja lilisababisha jingine, ila unaonyesha kwamba timu ilikua katika kipindi ambacho vyuo vilianza kulazimika kuhesabu fedha, viwanja na nafasi za ufadhili zilizotengewa wanawake.

Taji la 1978 halikutolewa na NCAA, ambayo wakati huo ilijishughulisha na wanaume pekee. Mashindano ya wanawake yalisimamiwa na AIAW, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1971 na kuongozwa na wanawake, ambayo mwanzoni ilikataa hata kuruhusu ufadhili wa masomo kwa wanamichezo kwa kuhofia kwamba fedha zingeiharibu michezo ya wanawake kama zilivyoiharibu ya wanaume, na ikabadili msimamo huo mwaka 1973 baada ya kushtakiwa mahakamani. Judith Holland, mkurugenzi wa michezo ya wanawake wa UCLA, aliwahi kuwa rais wa jumuiya hiyo. Hata hivyo NCAA, yenye fedha nyingi zaidi, ilipoanzisha mashindano yake ya wanawake katika msimu wa 1981/82, vyuo vikubwa vilihamia huko, na AIAW ikasambaratika muda mfupi baadaye. UCLA ilikuwa miongoni mwa waliohama, na mwaka 1982, mjini Omaha, Nebraska, ikawa bingwa wa kwanza wa softiboli wa NCAA kwa kuifunga Fresno State katika fainali.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama ambayo historia za ushindi hupenda kuipita kimya. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake, lakini kadiri fedha na hadhi zilivyoongezeka ndivyo wanaume walivyovutiwa na kazi hizo, na kufikia mwanzo wa karne ya 21 wanawake walishika chini ya nusu ya nafasi za ukocha mkuu katika timu za wanawake. Sheria iliyowaletea wanawake uwanja iliambatana na kupungua kwa mamlaka yao juu ya uwanja huo. UCLA inapaswa kusomwa kama tofauti na mkondo huo.

Urithishaji Ndani ya Timu

Tangu 1975 timu ya UCLA imekuwa na makocha wakuu watatu tu, wote wanawake, na kila aliyepokea nafasi alikuwa amecheza chini ya mtangulizi wake. Sue Enquist alikuwa mchezaji katika kikosi cha Backus kilichotwaa taji la 1978, akarudi kuwa msaidizi mwaka 1980, akawa kocha mwenza kuanzia 1989, na akabaki peke yake Backus alipostaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi wa michezo 854. Kelly Inouye-Perez alikuwa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kuupokea mpira wa mrushaji na kumwelekeza aina ya mrusho. Alishiriki katika mataji ya 1989, 1990 na 1992, kisha akamsaidia Enquist hadi alipokabidhiwa timu kwa msimu wa 2007, na chini yake UCLA imetwaa mataji ya 2010 na 2019.

Umuhimu wa mnyororo huu unaonekana zaidi pale mchezo wenyewe ulipobadilika. Katika miaka ya 1980 warushaji waliutawala mchezo kiasi kwamba fainali nyingi ziliamuliwa kwa pointi moja au mbili, na UCLA ilishinda mataji ya 1982, 1984 na 1985 ikimtegemea zaidi mrushaji mrefu Debbie Doom. Kuanzia msimu wa 1988 umbali kati ya mrushaji na mpigaji uliongezwa kutoka futi 40 hadi 43, yaani takribani mita 13, na mwaka 1993 mpira mweupe ukabadilishwa kwa mpira wa manjano unaoonekana kwa urahisi zaidi, hatua zilizowapa wapigaji nafasi bora. Timu iliyofanikiwa kwa sababu ya mtu mmoja ingeanguka kwa mabadiliko hayo. UCLA haikuanguka, bali ilitwaa mataji matatu mfululizo kati ya 1988 na 1990, halafu ikamlea Lisa Fernandez, ambaye katika misimu yake minne alishinda michezo 93 na kupoteza saba tu kama mrushaji, na mwaka wake wa mwisho alikuwa pia miongoni mwa wapigaji bora kabisa nchini.

Urithi huo ulivuka mipaka ya chuo. Softiboli ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996 mjini Atlanta, aliyepiga mpira uliovuka uzio katika fainali dhidi ya China alikuwa Dot Richardson, mhitimu wa UCLA aliyekuwa akisomea utaalamu wa upasuaji wa mifupa, na Fernandez alitwaa medali za dhahabu za 1996, 2000 na 2004, na pia alirudi chuoni kama kocha msaidizi. Enquist, Richardson na Fernandez wote waliwahi kuichezea Brakettes, jambo linaloonyesha kwamba njia kati ya klabu na chuo iliendelea kupitika pande zote mbili.

Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka Arizona. Mike Candrea, mwanamume aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Arizona kuanzia msimu wa 1986 hadi 2021, alitwaa mataji manane, na mataji yote kumi yaliyoshindaniwa kati ya 1988 na 1997 yalichukuliwa uwanjani ama na UCLA ama na Arizona. Chuo Kikuu cha Oklahoma nacho, chini ya Patty Gasso aliyeanza mwaka 1995, kimefikisha mataji manane, yakiwamo manne mfululizo kati ya 2021 na 2024, mfululizo ambao hata UCLA haijaufikia. Mifano hiyo inathibitisha kwamba jinsia ya kocha si sharti la ushindi, na kwamba uongozi wa muda mrefu ndio unaofanana katika vyuo vyote vitatu. Tofauti iliyopo ni kwamba mafanikio ya Arizona na Oklahoma yamefungamana na maisha ya kazi ya mtu mmoja mmoja, ilhali UCLA imekwisha kuvuka mabadiliko mawili ya uongozi na kushinda baada ya kila moja. Huo ndio ushahidi mzito zaidi kwamba urithishaji, na si kipaji cha kocha fulani pekee, ndio ulioidumisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu uadilifu. Mwaka 1995 UCLA iliifunga Arizona katika fainali kwa msaada wa mrushaji kutoka Australia aliyejiunga msimu ukiwa umekwisha kuanza na kuondoka muda mfupi baada ya mashindano, na mwaka 1997 NCAA iliufuta ubingwa huo baada ya kubainika kwamba timu ilizidisha kikomo cha ufadhili wa masomo kwa kutumia nafasi zilizotengewa mchezo mwingine. Tukio hilo linaonyesha kwamba hofu ya waasisi wa AIAW kuhusu fedha haikuwa ya bure, na kwamba mila ya ushindi, inaporithishwa, hurithisha pia shinikizo la kushinda. Zaidi ya hayo, klabu za vijana zinazovilisha vyuo wachezaji zinahitaji ada na safari ambazo familia nyingi hazimudu, na si jambo la bahati kwamba hadi mwaka 2004 ndipo Natasha Watley wa UCLA alipokuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuiwakilisha Marekani katika softiboli ya Olimpiki.

Hitimisho

Historia ya UCLA inaonyesha kwamba maelezo ya kisheria peke yake hayatoshi, kwa sababu Title IX ilivihusu vyuo vyote vilivyopokea fedha za shirikisho, lakini vyuo vichache tu viliweza kuugeuza wajibu wa kisheria kuwa utamaduni wa ubora. Maelezo ya vipaji nayo hayatoshi, kwa kuwa vipaji huhitimu na kuondoka. Kilichobaki ni watu waliokaa, wakafundisha, kisha wakaikabidhi kazi kwa wale waliowafundisha. Kwa mantiki hiyo, utafiti wa historia ya michezo ya wanawake, popote unapofanyika, unapaswa kuacha kuhesabu makombe pekee na kuanza kuuliza ni nani aliyemfundisha bingwa, nani alimlipa mwalimu huyo, na nani aliachiwa nafasi yake alipoondoka. Taasisi isiyoweza kuyajibu maswali hayo inaweza kushinda msimu mmoja, lakini haina misingi ya kushinda kwa nusu karne.