Utasa Uliotungwa na Sheria: Testosteroni na Uzazi wa Wanaume Waliobadili Jinsia

Kuna dai linalorudiwa katika mijadala ya kitabibu na ya kisheria kana kwamba halidai ushahidi: mwanaume aliyebadili jinsia, yaani aliyesajiliwa msichana alipozaliwa na sasa anaishi kama mwanaume, akianza tu kutumia testosteroni amekwisha kuuaga uzazi. Wapo wanaolitamka kwa huruma, kama onyo. Wapo wanaoligeuza kuwa kipimo, wakihoji uanaume wa mtu anayetaka kubeba mimba. Napinga sura zote mbili. Ninavyoona, wazo hili lilikomazwa bungeni na mahakamani, na watafiti walipofika walilikuta limekwisha kukaa kitini.

Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kutunga sheria ya kutambua mabadiliko ya jinsia, mwaka 1972, na ilimtaka mwombaji awe hana uwezo wa kuzaa. Sharti hilo lilidumu hadi 2013. Mwaka 2018 serikali ikakubali kumlipa fidia ya krona 225,000 kila aliyelazimishwa. Ujerumani ilikuwa na sharti kama hilo mpaka Mahakama yake ya Katiba ilipolitengua mwaka 2011. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua dhidi ya Ufaransa kuhusu sharti la aina hiyo Aprili 2017, na Mahakama ya Juu ya Japani ilibatilisha sharti la nchi yake Oktoba 2023. Kwa miongo kadhaa, basi, serikali ziliamuru utasa. Dola haiamuru kitu kinachotokea chenyewe. Kama homoni pekee zingemaliza uwezo wa kuzaa, kisu cha mpasuaji kingedaiwa kwa sababu gani?

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2012 Katrien Wierckx na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 50 waliobadili jinsia, ambao wote walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji, kwa wastani miaka minane kabla ya mahojiano. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 37. Asilimia 54 walisema wanatamani kuwa na watoto. Wanaume 18 walisema wangefikiria kugandisha mayai yao kama huduma hiyo ingekuwepo wakati wao. Kumi na mmoja walikuwa tayari ni baba: wanane kupitia wake au wapenzi wao waliopandikizwa mbegu za mfadhili, na watatu walikuwa wamezaa wenyewe kabla ya homoni na upasuaji.

Inafaa kuzisoma takwimu hizi polepole. Waliohojiwa hawakuwa vijana wanaosita mlangoni mwa kliniki. Walikuwa watu wazima waliokwisha kuvuka, na sheria ya Ubelgiji ya 2007 ilidai utasa kabla ya kutambuliwa, sharti lililofutwa kwa sheria ya 2017. Hata hivyo, baada ya uwezo wa kuzaa kuondolewa, hamu ya mtoto ilibaki kwa zaidi ya nusu yao. Anayesema kwamba kuchagua uanaume ni kukataa uzazi anapaswa kutueleza hamu hiyo ilitoka wapi. Nitaambiwa kwamba hamsini ni wachache na kwamba wote walitoka katika hospitali moja. Ni kweli, na sidai kwamba 54 ndiyo asilimia ya dunia nzima. Lakini dai ninalolipinga halina sampuli yoyote.

Kuhusu mwili wenyewe, maelezo ni mafupi. Testosteroni huzima ishara zinazotoka kwenye ubongo na tezi ya pituitari kwenda kwenye ovari. Yai halipevuki kwa utaratibu wake na hedhi kwa kawaida hukoma. Ovari hazijaondoka. Mwaka 2014 Alexis Light na wenzake, nchini Marekani, walichapisha majibu ya wanaume 41 waliobadili jinsia na kisha kuzaa: 25 walikuwa wametumia testosteroni kabla ya mimba, na 36 kati ya wote walitumia mayai yao wenyewe. Miaka mitano baadaye, kituo kimoja cha uzazi cha Boston kiliripoti wagonjwa 26, wengi wao wakiwa wamewahi kutumia homoni hiyo na kuiacha kwa takriban miezi minne. Kwa wastani walitoa mayai karibu 20, nao wanawake waliolinganishwa nao karibu 16.

Kutokana na hayo sisemi kwamba dawa hii haina athari kwa uzazi. Athari za kuitumia kwa miaka mingi bado zinachunguzwa, na wanaoanza tiba kabla ya kumaliza kubalehe wana suala lao tofauti kabisa. Isitoshe, testosteroni inaweza kudhuru kijusi, kwa hiyo sharti isimamishwe kabla ya kutafuta mimba. Na kwa kuwa si kinga ya mimba, mwanaume aliyeambiwa amekuwa tasa anaweza kushika mimba huku akiendelea kuitumia. Hapo ndipo dai la utasa linapomdhuru mgonjwa kuliko linavyomlinda. Kuisimamisha nako kuna mzigo mzito: hedhi kurudi, vipimo vya ukeni, na miezi ya kuishi na mwili ambao mtu alikuwa amejitahidi kuuacha. Mzigo huo apime mwenyewe, akiwa na taarifa sahihi mkononi.

Mwongozo wa 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, na ule wa 2022 wa WPATH, shirika la kimataifa la wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, inawataka madaktari wazungumzie uzazi kabla ya tiba kuanza. Naunga mkono, ila mazungumzo ya mara moja hayatoshi. Kijana wa miaka 20 anayesubiri dozi ya kwanza kwa hamu ana majibu yake. Akifika 32 anaweza kuwa na mengine. Suala lifunguliwe tena, na hasa kabla ya kuondoa ovari au mji wa mimba, kwa sababu hicho ndicho kitendo kisichorudi nyuma. Fomu ya ridhaa inayochanganya sindano na upasuaji huo chini ya neno moja, "utasa", haijampa mgonjwa cha kuridhia, na saini iliyo chini ya fomu hiyo, kwa maoni yangu, haipaswi kuhesabiwa.