Neno la Wiki: Shira si Aisingi
Nimeona tangazo la biskuti “zilizopakwa shira za rangi”. Shira gani hizo? Shira, neno lenye asili ya Kiajemi, ni sukari iliyochemshwa na maji hadi ikanata; ndimo zinamochovywa kaimati. Kinachong’aa juu ya biskuti ni aisingi, neno tulilolikopa kwa Waingereza: sukari ya unga iliyokorogwa na maziwa kidogo, bila moto. Na rangi haipakwi humo, hutiwa, tena ya jeli, maana ile ya maji huilegeza aisingi ikachuruzika pembeni. Kinachopakwa ni aisingi yenyewe. Wengine huiita krimu, jambo baya zaidi! Krimu ina mafuta, ukiigusa inabonyea. Aisingi hukauka ikawa ngumu.