Vijiti au Cheni? Historia ya Injini Inayolisha Vijana wa Ifakara

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Nataka niwape historia ya kitu ambacho ukiwa Kibaoni pale Ifakara unakisikia kuanzia alfajiri: mlio wa bodaboda. Ukisikiliza vizuri utagundua hazilii sawa. Kuna zinazogonga tik-tik-tik hata zikiwa zimesimama, na kuna zinazonguruma laini. Tofauti hiyo ina historia yake, na kwa dereva wa mkataba inaweza kuamua kama chombo kitakuwa chake au kitarudi kwa tajiri.

Kwanza tuelewane. Injini ya pikipiki hizi ina valvu mbili juu: moja inaingiza hewa na mafuta, nyingine inatoa moshi. Kinachozifungua ni kemshafti. Swali ambalo wahandisi wamebishana nalo miaka nenda rudi ni hili: kemshafti ikae wapi? Ukiiweka chini karibu na krenki, unahitaji vijiti virefu, yaani pushirodi, vya kupandisha msukumo hadi kwenye roka zinazobonyeza valvu. Ukiiweka juu kichwani, vijiti huvihitaji, ila lazima cheni ya taimingi ipande kutoka kwenye krenki kwenda kuizungusha.

Zamani pushirodi ndiyo ilikuwa mfalme. Triumph Speed Twin ya Uingereza, mwaka 1937, ilikuwa ya vijiti. Hata Honda Super Cub ilipotoka mwaka 1958 ilikuwa ya vijiti. Tatizo ni kwamba vijiti vina uzito. Injini ikizunguka kasi sana, valvu inachelewa kufunga na nguvu inapotea. Ndiyo maana Honda wakahamishia kemshafti juu, na mwaka 1969 wakatoa CB750 iliyowaacha Waingereza midomo wazi. Kila mtu akaamini vijiti vimekwisha.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1970 Honda hao hao wakaangalia jinsi pikipiki zao ndogo za kemshafti ya juu zinavyotumika kwenye nchi za joto. Wakakuta mambo tunayoyajua sisi: mzigo kupita kiasi, vumbi, na oili ambayo haibadilishwi mpaka iwe kama lami. Kemshafti ya juu inategemea oili ipande mpaka kichwani. Oili ikipungua au ikichafuka, kule juu ndiko kunakoumia mapema, na cheni nayo inalegea. Wakafanya uamuzi ambao ungeonekana ni kurudi nyuma. Mwaka 1976 wakatoa CG125: kemshafti chini, inazungushwa na gia, vijiti viwili vinapanda juu, cheni ya taimingi hakuna kabisa.

Injini hiyo ndiyo viwanda vya China vilikuja kuiiga kwa wingi mno, na ndiyo iliyoingia Afrika Mashariki ndani ya pikipiki nyingi za Kichina za bei nafuu. Biashara yenyewe ya bodaboda ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli. Huku kwetu serikali ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010. Baadaye zikajaa za Kihindi, Boxer na TVS, zenye kemshafti juu.

Mwenye kulijua bonde la Kilombero anaelewa kwa nini ubishi huu si wa kijiweni tu. Masika udongo mweusi unashika tairi kama ulimbo. Mtu anatoka shambani na gunia la mpunga nyuma, anatambaa gia ya kwanza. Pale huhitaji mbio, unahitaji injini inayovuta taratibu bila kulalamika. Ila tangu daraja la mita 384 juu ya mto Kilombero lizinduliwe mwaka 2018, anayekwenda Lupiro au Mahenge hasubiri tena kivuko. Safari zimekuwa ndefu, na kwenye mwendo mrefu injini laini ya kemshafti ya juu inampunguzia dereva uchovu.

Nilikaa kwa fundi mmoja Ifakara, jina namhifadhia. Akaja dogo anasukuma pikipiki ya kemshafti ya juu. Amebakiza miezi miwili amalize mkataba.

"Shikamoo fundi. Inalia kacha-kacha."

"Marahaba. Oili umemwaga lini?"

Dogo akaangalia chini. Fundi akafungua kichwa. Kemshafti imechimbika, cheni imelegea, oili nyeusi tii. Spea zile zilikuwa zaidi ya hesabu ya wiki nzima, na tajiri hasubiri.

"Mdogo wangu," fundi akamwambia, "ile ya vijiti ingekuvumilia kidogo. Hii haina huruma. Lakini hata ya vijiti, oili ikiisha, pistoni inakamata vilevile."

Nami naona hapo ndipo ukweli ulipo. Wahandisi wa Japani walitengeneza injini ya kumsamehe mtu asiyebadilisha oili, kwa sababu walijua kuna mtu anayechagua kati ya oili na unga. Huyo dogo hakuwa mzembe. Kila akishika hela ya oili, hesabu ya tajiri inadai kwanza. Mkataba ungeweka oili ndani ya hesabu, tajiri angelinda chombo chake na dogo angelinda jasho lake.

Siku ile fundi alimkopesha kemshafti iliyotumika, akamwambia alete hela kidogo kidogo. Dogo akawasha, akasikiliza, akaondoka taratibu kuelekea Kibaoni.

Wadau wa Mlimba, Mang'ula na Malinyi, nyie mnapanda za vijiti au za cheni? Na kwenye mkataba wenu, oili inalipwa na nani?