Diski ilikuwa yako. Ya kupakua ni ya nani?

Siku hizi ukinunua programu hushiki kitu mkononi. Unalipa, unatumiwa namba ya leseni kwa barua pepe, unapakua, kwisha. Mimi sipingi. Kazi yangu ya video inategemea programu ambazo sijawahi kuona sanduku lake. Lakini ukifuata historia ya vile tulifika hapa, utaona kuna kitu tulipoteza njiani na hakuna aliyetuuliza. Na hakuna mtaa unaoonyesha hilo vizuri kama Eastleigh, Islii yetu.

Anza na Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, wakimbizi walifika Eastleigh, na vyumba vya kulala vikageuka maduka. Nguo na vifaa vya umeme vikaingia kupitia Dubai, majengo ya biashara yakafuata moja baada ya jingine. Na soko lote hilo lilisimama juu ya kanuni moja: umelipa, umebeba, ni chako. Ukitaka kukiuza kesho, nani atakuuliza?

Programu nazo zilifuata kanuni hiyo kwa sababu hazikuwa na njia nyingine. CD moja inabeba karibu megabaiti 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kupakua mzigo huo kungechukua zaidi ya saa 27, tena laini isikatike hata mara moja. Nani angelipa bili hiyo? Kwa hivyo programu ilisafiri kama kitambaa: ndani ya sanduku, mkono kwa mkono.

Tuseme ukweli pia: diski nyingi zilikuwa feki. BSA, muungano wa makampuni ya programu, ulikadiria mwaka 2011 kwamba zaidi ya programu 7 kati ya 10 zilizowekwa kwenye kompyuta Kenya hazikuwa na leseni. Huo ni wizi, siutetei.

Kisha ikaja Julai 2009. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Mombasa, wa TEAMS ukafuata mwaka uo huo, na polepole tukaachana na setilaiti na bei zake. Malipo nayo yakafunguka: M-Pesa ilikuwa imeanza 2007, na Juni 2022 Safaricom na Visa wakaleta GlobalPay, hata asiye na kadi ya benki akaweza kulipa maduka ya nje. Makampuni hayakulala. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za ubunifu yatapatikana kwa kulipia tu, mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa.

Julai hiyo hiyo ya 2009, Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja na kufuta nakala za kitabu cha George Orwell, 1984, ambazo watu walikuwa wamelipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, sawa. Lakini muuza nguo wa Islii hawezi kuingia kwako usiku kuchukua shati alilokuuzia, hata akikuachia pesa mezani. Oktoba 2019 Adobe nayo ilitangaza kufunga akaunti za Venezuela kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Ilibadili msimamo baadaye, lakini somo lilibaki.

Ndio maana nasema mambo yamegeuka. Diski feki haikuwa halali, lakini ilikaa kwenye droo yako. Programu ya kupakua ni halali kabisa, na mara nyingi si yako. Ulichopewa ni ruhusa ya kutumia.

California ilipitisha sheria mwaka 2024: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kukuambia wazi kwamba unapata leseni tu. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na inagusa mikataba ya intaneti. Tudai hapa pia tuambiwe ukweli kabla ya kutoa pesa. Kama ni kukodi, andika kukodi. Islii kila mtu anajua tofauti ya kukodi na kununua, na bei zake hazilingani.