Mvua ya Mawe ya Kericho

Katika nyanda za Kericho, Kenya, ambako chai ilianza kulimwa kwa wingi miaka ya 1920, nchi iliyo jirani kabisa na ikweta hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko nchi nyingi za baridi, hata machipukizi yaliyokuwa tayari kuchumwa asubuhi huweza kukutwa yamechanika na kutapakaa kabla ya magharibi.

Upepo utokao Ziwa Victoria hupanda milima wakati wa adhuhuri, ukakutana na pepo za mashariki, na ifikapo alasiri mawingu hufura yakapita kimo cha mita 5,000, ambako hata katika nchi zetu joto la hewa hushuka chini ya sifuri. Lakini maji, kinyume cha dhana ya wengi, hayalazimiki kuganda hapo, kwani matone madogo yaliyo safi huweza kubaki maji mpaka nyuzi 38 hivi chini ya sifuri, yakingoja chembe ya kuyaanzia. Marubani waliijua ajabu hii kwa hofu, maana matone hayo yagusapo ubawa wa ndege huganda papo hapo yakaulemea. Na arukaye nje ya wingu huona kilele chake, kilichokuwa na kingo kali kama koliflawa, kikififia na kuwa nyuzinyuzi, akatambua kwamba barafu imekwisha kukitamalaki.

Mjerumani Alfred Wegener alidokeza mwaka 1911 kwamba barafu iliyo kati ya matone kama hayo hukua kwa kuyanyang'anya mvuke, naye Tor Bergeron wa Uswidi akaikamilisha nadharia hiyo miaka ya 1930. Ithibati ya macho ilikuja tarehe 13 Novemba 1946, Mmarekani Vincent Schaefer alipomwaga barafu kavu kutoka ndege ndogo juu ya wingu la Massachusetts, na theluji ikaanguka. Siku ya pili yake Bernard Vonnegut akavumbua kuwa moshi wa msombo wa fedha na aidini hufanya kazi ile ile, kwa kuwa fuwele zake zimepangika karibu sawa na za barafu.

Katika kupambana na mvua ya mawe, Kericho ilianza kwa baruti. Tangu 1963, kwa muda wa miaka minne, roketi zilirushwa mawinguni, na H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki akayaandika matokeo. Kisha, miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, zikaja ndege za kutawanya moshi wa fedha na aidini. Hoja ya kutumia moshi huo ni kwamba, maadamu maji ya wingu yana kiasi, chembe zikizidi kila jiwe litapata sehemu haba, liyeyuke njiani. Ni hoja nyepesi kusemwa kuliko kuthibitishwa, kwani nani ataapa wingu lililotiwa dawa lingalifanya nini lau lingaliachwa?

Mwaka 1982 watafiti Schnell na Tan-Schnell waliandika kuwa majani makavu yaozayo chini ya michai yenyewe yana chembe zigandishazo maji, wakashuku kwamba wachumaji, wapitapo kati ya safu, huzitimua kama vumbi, nao upepo wa mchana ukazipandisha mpaka winguni.